Nafasi ya Shangazi

Nchiru, jioni

Mwanangu Ireri,

Sikuulizi kama hujambo, kwa sababu nimekuona sasa hivi ukitoka na chapati yangu ya mwisho mkononi, eti unaenda kuwaaga vijana wa hosteli. Mtu anayekula hivyo hajambo. Mimi nimebaki hapa kwenye duka letu la kukodisha maiki na spika, nimeketi juu ya spika kubwa kwa kuwa kiti umekirundikia nguo zako, na mvua inapiga mabati hadi redio nimeizima. Nimeona niandike kabla hujarudi. Ukirudi tutaanza kubishana juu ya sanduku, na haya ninayotaka kusema hayatapata nafasi.

Naandika Kiswahili, usicheke. Kimeru changu unakijua, ni cha kukuita ule na kukugombeza. Lakini na baba yako niliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, yeye Mmbeere wa Kiambere na mimi Mmeru wa hapa, kila mmoja akidai lugha ya mwenzake inamchekesha. Mambo makubwa ya nyumba hii yote yalisemwa kwa Kiswahili, hata siku tulipokubaliana kukupa jina la babu yako.

Sitakwambia uchemshe maji wala ulale ndani ya neti. Hiyo kazi ni ya cucu yako, mama ya baba yako. Tangu upewe jina la marehemu mumewe anakuita "mume wangu", na sasa mume wake anarudi nyumbani Kiambere. Utalishwa ndengu mpaka uombe msamaha. Hata jua la kule sikuonyi nalo, litajitambulisha lenyewe kabla hujashusha mzigo.

Nataka tuongee habari ya kazi. Juzi tukikunja nyaya ulinieleza kwamba mkubwa wa ile redio ya kule anataka mtu wa kukaa kwenye mashine ya kuchanganya sauti, na jioni mtu huyo huyo asome matangazo ya jamii: mbuzi aliyepotea, baraza la chifu, na waliofariki. Ukasema bila kuniangalia, "Hiyo ya kusoma nitawakatalia, Mum. Mimi nishike mixer tu."

Nikakuuliza, "Na wakisema kusoma ni lazima?"

"Basi nitarudi. Usijali, niko sawa."

Nami nikasema "sawa", nikaendelea kukunja. Hiyo sawa yangu imenikaa kooni tangu juzi. Kazi umeitafuta mwaka mzima, na uko tayari kuiacha kwa sababu ya dakika chache za kufungua mdomo. Najua sababu yake, wewe pia unaijua, lakini hatujawahi kuitaja. Acha niifikie polepole, mama yako si mtu wa kwenda moja kwa moja.

Mixer unaijua kuliko mimi sasa. Lakini nataka kukurudisha Kangeta, kwenye kazi ya kwanza niliyofanya peke yangu. Wewe ulikuwa tumboni. Baba yako alikuwa amelala na homa, harusi ilikuwa ya mfanyabiashara wa miraa mwenye jamaa wengi, na malipo ya kwanza yalikuwa yameshaliwa. Nikaenda. Nikapanga spika, nikashika maiki, nikasema "moja, mbili, moja, mbili" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Taa za mashine zikawaka kwa uvivu. Basi nikazungusha gain, kile kidude cha juu kabisa kinachoamua sauti iingie na nguvu gani, nikazungusha mpaka kasauti kangu kale kakajaa uwanja. Nikajiona fundi. Nikaagiza soda.

Halafu shangazi ya bwana harusi akafika. Unajua wanawake wa Igembe wakifurahi. Alimpokonya mchungaji maiki, akaitia karibu mdomoni yote, akaachia vigelegele. Taa nyekundu iliwaka ikakataa kuzima. Spika ikakoroma, ikatoa harufu ya nyaya kuungua, ikanyamaza kabisa. Shangazi hata hakujua. Aliendelea na sherehe yake, na kusema kweli hakuwa na haja ya maiki.

Nilirudi nyumbani nikilia. Baba yako aliinuka kitandani akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Ulipima nini?" akaniuliza.

"Maiki."

"Maiki haina sauti yake, Karimi. Ungempima shangazi."

"Nitampima aje na bado hajafika?"

"Unaangalia watu," akasema. "Unauliza nani ataongea, ana furaha kiasi gani, ama ana uchungu kiasi gani. Halafu unamwachia nafasi."

Siku aliyopona alinikalisha mbele ya mashine akanifundisha upya. Kile cha kusukuma kwa kidole kiweke kwenye alama yake, kwenye sifuri. Mwambie mtu aongee vile ataongea hasa, asihesabu moja mbili. Pandisha gain polepole hadi taa za kijani zikimbie na ile ya manjano ichungulie mara moja moja. Hapo simama. Utaona juu bado kumebaki nafasi, na mkono utakuwasha kuijaza. Usiijaze. "Hiyo ni ya shangazi," alisema, na tangu siku hiyo katika nyumba yetu hakuna aliyeiita jina lingine. Ulipoanza kusimama kwenye kreti ili uione mashine, ulikuwa ukimuuliza kabla ya kila kazi, "Baba, umeacha ya shangazi?"

Hadithi hiyo umeisikia mara nyingi na ulikuwa ukiitaka tena. Hii nyingine hujaisikia kutoka kwangu, ingawa ulikuwepo.

Tulipompeleka baba yako Kiambere kumzika, mashine zetu zilibaki hapa zimefungiwa. Wakubwa wa boma walisema mjane haji na kazi kwenye mazishi ya mumewe, na kijana mmoja wa mjini akakodishwa alete zake. Sikubisha. Nilikuwa mke wa kutoka Meru, nimekaa mbele kabisa na kitambaa kichwani, wifi yangu amenishika mkono, na watu wote wa boma wakiangalia nitakavyolia. Nilikuwa nimejaa huzuni, lakini macho yangu, Mungu anisamehe, yalikuwa kwenye nyaya za yule kijana.

Asubuhi alikuwa amekupima. Ulikuwa Form Two, sare imekubana mabega, na ulipewa kusoma maneno ya kumuaga baba kwa niaba ya watoto ingawa mtoto ni wewe peke yako. Ulisimama wima ukasema, "Hallo, hallo, mnanisikia?" kwa sauti kavu ya mtoto aliyezaliwa na fundi. Kijana akainua kidole gumba. Akaenda kula.

Ilipofika zamu yako hukuwa mtoto yule wa asubuhi. Jeneza lilikuwa limeshaletwa. Stendi ya maiki ilikuwa imeachwa kwa urefu wa MC, na MC alikuwa jitu la mtu, kwa hiyo maiki ilikuwa imeelekea juu ya kichwa chako kana kwamba inamsubiri mtu mwingine. Ukafungua mdomo na sauti ikatoka chini sana. Mimi nilisikia "Baba yangu" kwa sababu nilikuwa karibu. Nyuma hakuna aliyesikia kitu.

Yule kijana angetembea tu aishushe stendi. Badala yake alisukuma kile cha mwisho, kinachopandisha kila kitu. Unajua kilichotokea, unaweza kukieleza kuliko mimi. Kila kitu kikapanda. Maiki za kwaya zilikuwa wazi, zikaleta upepo. Jenereta ikaingia. Kengele ya mbuzi ikaingia. Kila kitu kiliingia isipokuwa wewe, halafu spika zikaanza kulia ule mlio wa kuchoma masikio, watu wakaziba masikio yao, watoto wakacheka. Ukaendelea kusoma, midomo inacheza, hakuna neno. MC akaja akakushika bega. "Asante kijana, tumeskia." Hawakuwa wamesikia. Ukakunja karatasi ukaja kuketi karibu nami, nikakuuliza uko aje, ukasema, "Niko sawa, Mum."

Ireri, nilijua. Katika uwanja ule wote mimi ndiye niliyejua cha kufanya. Zilikuwa hatua chache tu: niinuke, nilegeze ile skrubu ya stendi, nishushe maiki mpaka mdomoni mwako, nimwambie yule kijana afunge za kwaya. Ungesoma mpaka mwisho hata kwa kunong'ona. Lakini nikafikiria watu. Nikasikia vile watasema: mume hajafunikwa na udongo, yeye anachezea mitambo. Nikakaa. Nimewahi kuunguza spika, nimewahi kuangusha nguzo ya umeme ya kanisa, nimewahi kumkata mheshimiwa katikati ya ahadi zake na wala sijutii. Kukaa kwenye kile kiti ndiko kunakonirudia kila ninaposikia mtoto akisoma kwenye mazishi. Nisamehe. Nimechelewa kukuomba.

Baada ya hapo ulirudi shule na kila Jumapili ukapiga kwa simu ya mwalimu. "Niko sawa, Mum." Nami nikashukuru, nikakata, nikarudi kwa wateja. Nilikuwa nakupima kwa ile "hallo, hallo" ya asubuhi tena, na nilikuwa nimeishi na fundi miaka yote ile. Nilitaka sana uwe sawa, kwa hivyo sikuuliza mara ya pili. Likizo ikafika ukarudi umekonda, shati linacheza mwilini, na nikaanza kusukuma kila kitu kama yule kijana: viatu vipya, masomo ya ziada, mchungaji aje akuombee, mjomba aje akupe maneno ya kiume. Makelele yalipanda nyumba nzima. Sikuja karibu.

Kuna siku moja ya likizo hiyo nilikuja stoo kuchukua nyaya. Ulikuwa umekaa kwenye kreti umenipa mgongo, umeshika maiki ambayo haijaunganishwa na chochote, na ulikuwa unaongea na baba yako. Sikusikiliza maneno, naapa. Nilisikia sauti tu. Ilikuwa ya chini, lakini ilikuwa nzima, haikukatika hata mara moja. Maiki ilikuwa mdomoni pako na hakuna mtu aliyekuwa akisukuma kitu. Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole, nikafunga mlango polepole, nikaenda kumwambia mteja kwamba nyaya hazipo.

Kwa hivyo usiniambie huwezi kusoma. Nimekusikia ukiweza.

Tangu hapo umekuwa fundi wa sauti za wengine. Wazee hawataki mtu mwingine. Yule mwanamke wa kwaya mwenye sauti kama filimbi anasema ni wewe tu unayemfanya asikike mtu mzima. Lakini nimeona, hujawahi kupima maiki kwa sauti yako. Unaita mtoto yeyote aliye karibu, unampa, unamwambia, "Ongea." Nimeona kila mara na nimenyamaza kila mara.

Na wewe umeona jambo langu, ukadhani ni uzee. Kila mazishi tunayofanya, mtoto akiitwa kusoma, naiacha mashine, navuka uwanja mzima na aproni yangu, nashusha stendi. Ulinigombeza kule karibu na soko la Kangeta: "Mum, unaharibu program. MC amekasirika." Nilikujibu kwamba MC ana mama yake wa kukasirikia. Sikukwambia sababu. Sasa unaijua. Na ile stendi fupi uliyoiwekea jicho, uliyodhani nitakufungia kwenye mzigo, sikupi. Kuna watoto wengine.

Sasa nisikilize kuhusu hiyo kazi, halafu ufanye utakavyo, wewe ni mtu mzima na una ndevu tatu.

Kama hutaki kusoma kwa sababu kusoma hakukupendezi, kataa, urudi, mlango ni huu huu na spika ni hizi hizi. Sitakuuliza. Lakini kama unakataa kwa sababu ya uwanja ule, nataka ujue kwamba siku ile wewe hukushindwa. Ulikuwa umefanya sehemu yako yote. Ulikuwa na sauti ya mtoto aliyefiwa, na sauti ya mtoto aliyefiwa ndivyo ilivyo. Tulioshindwa ni sisi tuliokuwa na mikono. Ungekuwa fundi wa siku ile, ungemlaumu yule mtoto? Nimekuona na watoto wa watu. Unawasogezea maiki, unawaambia, "Pole pole, hakuna haraka." Ningependa siku moja ujiambie hivyo mwenyewe.

Na fikiria watakaosikiliza. Nyumba yenye msiba inakaa karibu na redio kusubiri jina la mtu wao litajwe. Hawataki sauti ya MC. Wanataka mtu atakayelitaja jina hilo kama linavyotajwa nyumbani. Wewe wajua hilo, na sijui ni vijana wangapi wa kule wanaolijua. Siku ya kwanza sauti itashuka, nakuhakikishia, labda kwenye jina la kwanza. Ikishuka usijilazimishe kupaza. Sogea karibu na maiki. Gain iwe imepimwa kwa sauti yako hiyo ya chini, na juu yake uache ya shangazi, kwa sababu huenda kilio kikaja au kicheko kikaja, na vyote viwili vina haki ya kupita bila kuwasha nyekundu.

Jambo la mwisho, nasikia mvua inapungua na najua uko njiani. Ukinipigia simu, usinipe ile sauti ya kujaribu. Sitaki "niko sawa" ya kavu. Kama siku imekuwa mbaya, nipigie na ubaya wake. Kama umelia, nipigie ukilia. Kama umempenda binti wa watu, hapo unaweza kupiga vigelegele ukitaka. Mimi nimekuwekea nafasi kubwa, mwanangu, kubwa kuliko ya shangazi ya Kangeta. Nakupenda, na ninaandika hilo neno hapa waziwazi kwa sababu kwa mdomo huwa nalisema kwa kukuuliza kama umekula.

Redio yenu haifiki huku, milima imekaa katikati. Kwa hivyo ukikubali kusoma, niambie siku yenyewe mapema. Nitafunga duka nishuke Kiambere. Cucu atasikilizia jikoni, akiwaambia majirani mume wake anaongea. Mimi nitakuja mpaka hapo studio, wanipe benchi, niwe naona ndani kwa dirisha. Watashangaa ni mama gani huyu ameleta mwanawe kazini kama wa chekechea. Wacha washangae. Kama maiki wameiacha kwa urefu wa mtu mwingine, nitaiona, na safari hii nitainuka.

Mama yako,
Karimi